Jiwe la Bula Matari: safari ya siku tano kulifuata kaburi la Pirbright

Siku ya kwanza, Alhamisi: London

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu wa historia alitupeleka Kwihara, nje ya mji wa Tabora, kuona tembe ambamo David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872 baada ya kutoka Ujiji. Tuliambiwa tukariri tarehe, tukakariri. Tuliambiwa tusiguse kuta, tukazigusa. Jambo ambalo hatukuambiwa, wala hatukuliuliza, ni mahali walipozikwa watu wale wawili. Swali hilo lilinijia miaka mingi baadaye, nilipokwenda Uingereza kumtembelea dada yangu, na ndilo lililonifanya nitenge siku tano katikati ya mwezi wa Oktoba ili nilifuate jiwe moja la kaburi, la Stanley, lililoko katika kijiji cha Pirbright, kaunti ya Surrey.

Nilianzia mahali ambapo jiwe hilo halipo. Kanisa la Westminster Abbey ndiko Stanley alikotarajia kulazwa, ubavuni mwa Livingstone, na mkewe, Dorothy Tennant, aliandika kwamba mumewe alilitaja jambo hilo akiwa kitandani katika siku zake za mwisho, kwa sauti ya mtu anayetaja haki yake. Hapo ndipo walipofungia ndoa tarehe 12 Julai 1890, na hapo ndipo jeneza lake lilipoletwa kwa ibada ya mazishi tarehe 17 Mei 1904, wiki moja baada ya kufariki. Hata hivyo Mkuu wa kanisa hilo, Joseph Armitage Robinson, alikataa kutoa nafasi ya kaburi. Ibada wakaruhusiwa, ardhi wakanyimwa, na jeneza likatoka tena kwa mlango.

Kaburi la Livingstone ni bamba jeusi lililolazwa sawa na sakafu, katikati ya ukumbi mkubwa wa kanisa, na wageni hulizunguka kwa hadhari kama watu wanaopita pembeni mwa mkeka wenye chakula. Maandishi yake huanza na mikono badala ya jina: yanasema aliletwa na mikono ya uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Nilisimama hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mikono hiyo ilikuwa ya Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, walioubeba mwili kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo, nao walifika pwani mwezi wa Februari 1874. Wainwright alisafiri na jeneza na kuhudhuria mazishi ya tarehe 18 Aprili mwaka huo. Bamba limewapa sifa ya uaminifu lakini halikuwapa majina.

Katika mazishi hayo alikuwapo pia kijana mmoja aliyetoka kwetu, na kwa kweli yeye ndiye aliyenifanya nisiondoke upesi. Aliitwa Ndugu M'hali. Mfanyabiashara Mwarabu wa Unyanyembe alimtoa kwa Stanley mwaka 1871 kama mtu anavyotoa mbuzi wa zawadi, na Stanley akambadilisha jina akamwita Kalulu, akamleta Ulaya na Marekani, kisha akamwingiza shule huko Wandsworth, kusini mwa London. Mtoto aliyetolewa Unyanyembe alisimama chini ya dari hii hii akiwa amevalishwa suti, akitazama mzungu mwenye jina kubwa akishushwa ardhini. Miaka mitatu baadaye maji ya mto Kongo yalimchukua, tarehe 28 Machi 1877, na mahali alipozama kijana huyo, Stanley akapaita Maporomoko ya Kalulu. Kaburi hana.

Siku ya pili, Ijumaa: Woking na Pirbright

Shemeji yangu alijitolea kunisindikiza. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu kabla hajawa shemeji, na utani huo, kama wazee wanavyosimulia, ulizaliwa katika njia ile ile ya misafara iliyompitisha Stanley: wapagazi wa kutoka bara walipofika karibu na pwani walipita katika nchi za Wazaramo na Wazigua, wakagombana, wakapatana, wakazikana, hatimaye wakaanza kutaniana. Nilimwambia kwamba msafara huu ungekuwa wa kwanza ambamo Mzaramo anabeba mzigo wa Mnyamwezi. Akanijibu kwamba begi langu lina magurudumu, kwa hiyo hakuna anayebeba.

Tulishuka Woking kwanza, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na mji huo una msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889, ambao ndio wa kwanza nchini Uingereza kujengwa makusudi kuwa msikiti. Kuba lake ni la kijani, nao ni mdogo kuliko nilivyoutarajia. Baada ya sala tulipanda treni tena kwa kituo kimoja tu hadi Brookwood, ambako upande mmoja wa reli kuna makaburi makubwa kuliko yote ya nchi hiyo, yaliyofunguliwa mwaka 1854 wakati London ilipokuwa imejaa maiti hadi haina pa kuzika. Hatukuingia. Tulishika njia ya miguu kuelekea kijijini.

Pirbright ni kijiji cha aina ambayo Waingereza huichapisha kwenye kalenda: uwanja mpana wa majani, bwawa lenye bata, nyumba za matofali mekundu zinazotazamana kwa mbali. Kisichochapishwa kwenye kalenda ni sauti. Eneo lote limezungukwa na ardhi ya jeshi yenye viwanja vya shabaha, na kila baada ya dakika chache upepo ulituletea mlio wa bunduki, mkavu, kama mtu anayepiga ubao kwa rungu. Shemeji aliniuliza kama tumekuja kuzuru au kudhuriwa. Mimi nilikuwa nawaza bunduki ya Maxim, ya kufyatua risasi mfululizo, iliyokuwa ingali kitu kipya duniani Stanley alipoondoka nayo mwaka 1887 kwenda kumtafuta Emin Pasha, gavana aliyekuwa amekwama kusini mwa Sudan, akiwa na mamia ya watu alioandikisha Unguja.

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote ni dogo, lilijengwa upya mwishoni mwa karne ya 18, na uwanja wake wa makaburi umejaa mawe ya kawaida ya kijiji: vibao vyembamba vilivyochongwa mabega ya mviringo, vingine vimeinama, vingine maandishi yake yamelika hadi yanasomeka kwa vidole tu. Tulikuwa tumejiandaa kulitafuta kaburi, lakini halikuhitaji kutafutwa. Katikati ya vibao hivyo limesimama jiwe ambalo ni kama tembo aliyeingia kwenye zizi la mbuzi.

Ni pande zima la graniti, refu, pana chini na juu halina umbo maalumu, lisilochongwa wala kulainishwa. Urefu wake ni takribani futi 12, upana futi 4, na uzito wake takribani tani 6. Juu umechorwa msalaba, na chini yake, kwa herufi kubwa zilizozama ndani ya jiwe, yamewekwa maneno machache ambayo mtu anaweza kuyasoma akiwa mbali: HENRY MORTON STANLEY, kisha BULA MATARI, kisha 1841–1904, na mwisho kabisa neno moja, AFRICA. Hakuna cheo cha Sir alichopewa mwaka 1899, hakuna ubunge alioushika kuanzia 1895 hadi 1900, hakuna aya ya Biblia, hakuna mpendwa mume wa fulani.

Niliyasoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti. Jina la kwanza si lile alilozaliwa nalo. Alizaliwa Denbigh, huko Wales, akaitwa John Rowlands, akakulia katika nyumba ya maskini ya St Asaph, na hilo la Stanley alilichukua Marekani. Jina la pili alipewa na watu wa Kongo. Kwa hiyo jiwe zima halina hata neno moja alilopewa na wazazi wake. Na lile neno la mwisho, limekaa peke yake bila kitenzi wala kiunganishi, hata mtu hajui kama linataja mahali alipofanyia kazi, au mali aliyoiacha, au ndilo lililomuua.

Shemeji alivua kofia, akasogea mbele ya jiwe, akaanza kazi ya mtani msibani. “Bwana Mkubwa,” alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya nyapara, “sisi watani tumefika kutoka pwani. Dua utasomewa, lakini kwanza utoe hongo ya njia. Ugogo ulilipa vitambaa na shanga, na hapa tumelipa nauli ya treni kutoka mfukoni mwetu. Na huyu Mnyamwezi aliyesimama nyuma yangu anadai posho ya babu yake.” Nilicheka hadi nikaona aibu, kwa maana mama mmoja mzee aliyekuwa anabeba maua makavu kuyapeleka kwenye pipa alisimama kututazama.

Hakukasirika. Alituamkia, akauliza kama tumetoka Kongo, nasi tukamweleza tunakotoka. Alisema amepita mbele ya jiwe hilo tangu utotoni na hajawahi kumsikia mtu akilitamka lile jina la pili bila kusitasita. Nikamfafanulia kwamba ni maneno ya Kikongo, ya kuvunja na ya mawe, na kwamba mji wa Matadi, bandari ya Kongo, umetokana na neno hilo hilo la mawe. “Mvunja mawe,” alirudia kwa lugha yake, kisha akalitazama jiwe kwa makini kana kwamba limeletwa jana. “Lakini hili halikuvunjwa.”

Siku ya tatu, Jumamosi: Pirbright tena

Neno la yule mama lilinirudisha kijijini asubuhi iliyofuata, safari hii peke yangu, kwa sababu shemeji alikuwa na zamu kazini. Umande ulikuwa mwingi na jua lilikuwa la chini, likipiga ubavu wa jiwe, na mwanga wa namna hiyo hauruhusu kitu kilichochongwa kujificha.

Nililizunguka polepole. Ukilitazama kwa hatua kumi ni la kijivu. Ukikaribia, ukijivu huo huvunjika ukawa vitu vitatu. Kuna vipande vyeupe vya mstatili, vingine virefu kama kiungo cha kidole, vilivyotapakaa bila mpangilio. Kati yake kuna chembe za kioo cheusi-cheusi ambazo ni jiwe gumu la kwatsi. Na hapa na pale kuna ulanga, mwembamba kama gamba la samaki, uliokuwa unang’aa na kuzima kila nilipohamisha kichwa. Juu ya vyote hivyo umeota ukoga wa mawe, wa kijivu na wa rangi ya manjano iliyofifia, ambao umeingia hadi ndani ya herufi. Nilitafuta alama ya tindo au tundu la baruti ubavuni, mgongoni na kingoni. Mahali penye dalili ya chuma ni kwenye msalaba na maandishi tu. Kwingine kote nilikopafikia ni jua, mvua na barafu vilivyofanya kazi.

Hivyo ndivyo mjane alivyokusudia. Baada ya Westminster kukataa, Dorothy aliamua kwamba kaburi la kijijini halitakuwa la marumaru ya dukani. Alitaka jiwe kubwa lililoumbwa na zama zenyewe. Watu wakatumwa nyika ya Dartmoor, huko Devon, magharibi ya mbali, wakakagua mawe katika maeneo ya Moretonhampstead, Chagford na Gidleigh, hadi walipolipata lililofaa kwenye shamba la Frenchbeer. Likasafirishwa hadi hapa, kwenye udongo wa kichanga wa Surrey ambao hauna graniti hata ya kokoto.

Ninamheshimu kwa uamuzi huo, kwa sababu kama mchongaji angelipewa nafasi, leo tungekuwa tunatazama malaika mwenye ramani. Lakini siwezi kuacha kusema kwamba jina aliloliandika halikuwa na maana moja. Stanley alilipata karibu mwaka 1880, alipokuwa Vivi kwenye mto Kongo, akimtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, akitengeneza barabara ya kukwepa maporomoko ili vipande vya meli vivutwe hadi Isangila. Alishika nyundo mwenyewe kuwaonyesha watu namna ya kupasua mwamba, wazee wa Vivi wakamwona, wakamwita kwa kazi waliyoiona. Yeye alilipenda jina hilo hadi kufa. Hata hivyo, nyundo ya kuonyesha hupigwa mara chache. Nyundo ya kumaliza barabara ilipigwa na wengine, miongoni mwao watu wa Unguja na wa bara waliokuwa wamekwisha kuvuka Afrika pamoja naye kati ya 1874 na 1877, wakaandikishwa tena. Wao pia walikuwa wavunja mawe, na hakuna aliyewapa jina kwa hilo.

Baadaye jina likamwacha mwenyewe likaendelea na safari. Dola Huru ya Kongo ilipoundwa mwaka 1885, watu wakaanza kuiita serikali yenyewe Bula Matari: mtoza kodi ya mpira ni Bula Matari, askari anayechoma kijiji ni Bula Matari, ofisa wa Kibelgiji aliyekuja baada ya 1908 ni Bula Matari. Kwa Mkongo aliyezaliwa katika miaka hiyo, kusikia neno hilo kulikuwa kusikia hatua za mtu anayekuja kuchukua. Mjane aliandika sifa juu ya kaburi la mumewe, na upande wa pili wa dunia neno lile lile lilikuwa linatia watu hofu. Sidhani kwamba alijua. Nadhani pia kwamba hakuuliza.

Wala Stanley mwenyewe hakuwa mtu wa kuficha mkono wake. Mwaka 1875 alikishambulia kisiwa cha Bumbire, katika Ziwa Viktoria, akawapiga risasi watu waliokuwa ufukweni kulipiza matusi na wizi wa makasia, kisha akaandika habari hiyo gazetini kwa maelezo marefu, na zikazuka lawama kali hapa hapa Uingereza. Bumbire leo ni sehemu ya mkoa wetu wa Kagera. Nikilitazama lile neno la chini kwenye jiwe, naona kwamba nyuma ya herufi zake sita kuna pia kisiwa hicho kidogo.

Mchana nilitembea upande wa Furze Hill, palipokuwa na nyumba na shamba alilolinunua mwishoni mwa maisha yake. Sikutaka kuingia kwenye ardhi ya watu, kwa hiyo nilibaki barabarani nikiwa na orodha ya majina aliyoyabandika yeye na mkewe. Kijito cha shambani kilikuwa Kongo. Msitu wa misonobari ulikuwa Aruwimi, jina la msitu wa Kongo uliowameza watu wake kwa njaa na ndui. Bwawa lilikuwa Stanley Pool. Mashamba yakaitwa Mazamboni, Katunzi, na moja, nalisema kwa mshangao niliobaki nao hadi usiku, likaitwa Unyamwezi. Basi mahali fulani nyuma ya uzio ule wa miti kulikuwa na shamba la nyasi la Kiingereza, lenye ng’ombe labda, ambalo mzee mmoja mgonjwa alilitembelea kwa fimbo yake na kuliita kwa jina la kwetu.

Nilimpigia simu dada yangu nikamweleza. Akaniuliza kama nimemwomba mwenye shamba kodi ya pango.

Siku ya nne, Jumapili: njiani kwenda Devon

Kutoka Woking kuna treni inayokwenda moja kwa moja hadi Exeter, ikipitia Salisbury, na safari ni ya saa chache. Mvua ilinyesha njia nzima. Nilikuwa nimepanga kuunganisha basi la kwenda Chagford jioni hiyo hiyo, lakini nilisahau kwamba Jumapili mabasi ya mashambani hulala kama wenye mji, na dereva wa teksi aliponitajia bei nilimshukuru nikarudi kituoni kutafuta chumba cha karibu. Nililala mapema.

Siku ya tano, Jumatatu: Chagford na nyika ya Dartmoor

Basi la asubuhi lilipanda vilima kwa barabara nyembamba zenye kuta pande zote mbili, na kadiri tulivyopanda ndivyo kuta zilivyobadilika kutoka udongo na vichaka kuwa graniti tupu. Chagford ni mji mdogo uliojengwa kwa graniti hiyo: kanisa, nyumba, vizingiti, hata miimo ya mageti. Nilinunua andazi la nyama linaloitwa pasti, nikaeleza ninakokwenda, muuzaji akanielekeza njia bila kushangaa. Kwao mgeni anayefuata mawe si jambo la ajabu.

Ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu, kwa mtu anayesimama mara nyingi kama mimi. Frenchbeer ni nyumba chache za shamba chini ya ukingo wa nyika, na nilipapita kwa heshima ya mpita njia, bila kuingia wala kupiga picha za milango ya watu. Sikutarajia kuona shimo lililoachwa na jiwe. Miaka zaidi ya 100 inatosha majani kulifunika hata kaburi. Nilichotaka kuona ni majirani zake, na hao walikuwapo wengi. Wamelala kando ya barabara, wamejengewa ndani ya kuta, wamezama nusu kwenye matope, wote wana rangi ile ile na vipande vyeupe vile vile nilivyovigusa Pirbright. Nilihisi kama mtu aliyemfahamu mtoto ugenini kisha akafika kwao akakuta ukoo mzima una pua ile ile.

Juu zaidi kuna mwamba uitwao Kestor, ambao kileleni una beseni kubwa lililochimbwa na maji ya mvua kwa karne nyingi. Wanajiolojia hukadiria umri wa graniti ya Dartmoor kuwa karibu miaka milioni 280. Farasi wadogo wa nyikani walikuwa wamejikinga upande usio na upepo, na waliponiona walinipa mgongo. Kuzunguka Kestor kuna misingi ya mviringo ya nyumba za watu wa kale, na mbele yake, kwenye mlima wa Shovel Down, kuna mistari ya mawe madogo yaliyopandwa ardhini ikielekea kwenye jiwe moja refu linaloitwa Longstone, ambalo kimo chake ni kama mita 3.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokipata Dorothy, ambacho ni zaidi ya ukubwa. Longstone lilisimamishwa na watu wasioacha maandishi yoyote; vizazi vya baadaye vikalikuta limesimama, vikachora ubavuni herufi za mipaka, za parokia ya Gidleigh, za Chagford na za milki ya Cornwall, kila mmoja akiandika chake juu ya jiwe la mwingine. Ukilitazama kutoka mbali kwenye ukungu unaweza kudhani ni lile la Pirbright limetangulia kurudi nyumbani.

Ukungu ulipozidi niligeuka. Nikiwa njiani kushuka, karibu na geti la shamba, niliona jiwe kubwa lililopasuliwa katikati, nusu yake imechukuliwa na nusu imebaki. Kwenye ukingo wa mpasuko kulikuwa na safu ya nusu-matundu, kila moja la upana wa kidole gumba, yamepangwa kwa nafasi sawa kama meno ya kitana. Ndivyo walivyokuwa wakipasua graniti hapa: mtu hutoboa safu ya matundu kwa tindo na nyundo, akaingiza vipande vya chuma, akavigonga kimoja baada ya kingine kwa zamu, bila haraka, hadi jiwe lenyewe likubali kuachia. Nilipiga goti nikaingiza kidole kwenye la kwanza, halafu la pili. Ndani mlikuwa na maji ya mvua na chembe za ulanga.

Yalikuwa matundu 9. Nilimtumia shemeji picha, naye akajibu kabla sijafika barabarani: “Huyo sasa ndiye Bula Matari. Muulize jina lake.” Basi la kurudi lilikuwa la saa kumi na nusu, nami nilikuwa bado na mwendo wa saa nzima kwenye matope.